Gidamis na Nafasi ya Mwizi

Watu wa filamu walipofika Mwandoya kutoka Dar es Salaam, Wasukuma walipewa nafasi za mwenyekiti, bibi harusi na wenye mifugo. Gidamis, Mtaturu pekee aliyeitwa, alipewa nafasi ya mwizi wa ng'ombe, kama katika filamu ya mwaka juzi. Baada ya ile ya kwanza, watu kwenye mnada wa ng'ombe walimwita Mwizi, naye alicheka pamoja nao. Lakini mwezi uliopita ng'ombe saba wa Masele, Msukuma wa hapo kijijini, walipotea, na tangu hapo hakuna aliyecheka.

Mwongozaji, Hemed, alikusanya wanakijiji thelathini wenye fimbo. Wamkimbize Gidamis hadi mtoni, wamzunguke, basi, fimbo zisimguse. Gidamis alipogeuka akamwona Masele mstari wa mbele. Alitaka kusema jambo, ila kamera ilikuwa imeshawashwa.

Akakimbia. Kwenye mchanga wa mto mkavu wakamzunguka. Fimbo ya kwanza ikatua begani. Alidhani ni bahati mbaya, mpaka ya pili ilipomvunja kidole, akamsikia Masele akimuuliza kwa Kisukuma, sauti ya chini, ng'ombe wake wako wapi. Hayo hayakuwa kwenye filamu. Kule nyuma ya kamera, Hemed aliwapa ishara waendelee.

Gidamis akaacha kujikinga, akashusha mikono.

"Masele, ni mimi, Gidamis," alisema kwa Kisukuma. "Nilichimba kaburi la mama yako. Ng'ombe zako sizijui."

Fimbo ya Masele ilibaki juu. Wengine walimtazama, wakisubiri. Ndipo Milembe, dada yake Masele, akapenya katikati ya watu, akaishika fimbo kwa mikono miwili mpaka kaka yake akaiachia.

Hemed alisema picha imetoka safi, irudiwe tu ile sehemu waliyosemezana. Gidamis, mkono ukimvimba, akaomba wabadilishane: yeye awe mwenye ng'ombe, Masele awe mwizi. Hemed akamjibu kwa upole kwamba watazamaji hawataamini.

"Basi tafuta mwingine."

Bryson, mwigizaji waliyekuja naye, akavikwa lubega, shuka ya begani, awe mwizi. Lakini ile picha ya mtoni hawakuitupa. Bega linalopigwa kwenye filamu ni la Gidamis.

Ng'ombe wa Masele hawajaonekana. Siku hizi Gidamis akipeleka mifugo mnadani huonyesha kibali cha mifugo kabla hajaulizwa. Masele humsalimia, akikiangalia kile kidole kilichopona kikiwa kimepinda.