Timazi na Magoti Yake Mawili

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anaitwa Timazi tangu ujana wake. Jina hilo, la kifaa cha kupimia unyoofu, alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu sakafu aliyoipanga vigae yeye unaweza kuiwekea gololi katikati na isiende popote. Si msemaji. Akiingia nyumba ya mtu kwa mara ya kwanza, kabla hajamaliza kusalimia macho yake yameshafika chini. Siku tulipomzika kaka yake alishinda sebuleni ameinamisha kichwa, hata wageni wakasema huyu ndiye aliyeumia kuliko sote. Jioni akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba kigae cha pili kutoka mlangoni kina uwazi chini yake, na asingependa nijikwae juu ya msiba nilionao.

Aliumia kwenye ngazi za jengo la ghorofa. Alikuwa anashuka na boksi la vigae kifuani, mguu wa kushoto ukanasa, mwili ukageuka na goti likabaki. Boksi hakuliachia. Msimamizi wake aliniambia kwamba walipomkimbilia walimkuta amekaa ngazini, boksi mapajani, anauliza kama kuna kilichovunjika, naye alikuwa anaulizia vigae.

Mwaka ukapita. Uvimbe ulikwisha, kuchechemea hakukwisha. Daktari wa mkandarasi alimlaza kitandani, akapiga picha ya goti la kushoto, akasema mifupa imekaa vizuri kabisa, mtu huyu arudi kupiga magoti kazini. Timazi akaomba apelekwe mbele ya jopo la madaktari wa hospitali kuu, wale wanaoamua kama aliyeumia kazini amebaki na ulemavu wa kudumu. Wakikubali, mkandarasi atalazimika kumtafutia kazi ya kusimama. Wakikataa, atakuwa ameitwa mwongo na watu watatu wenye makoti meupe, na mtu mwenyewe, tangu niolewe na kaka yake, sijawahi kumsikia akidanganya hata umri.

Tatizo lilikuwa moja. Kuchechemea kwake hakukutulia mguu mmoja. Wiki hii kushoto, wiki ijayo kulia, na zilikuwapo siku alitoka asubuhi na huu akarudi jioni na ule. Pembeni mwa nyumba yetu yuko kinyozi, na nje ya kinyozi liko benchi, na kwenye benchi hilo hukaa wanaume ambao sijawahi kuwaona wakinyolewa. Nikapata habari kwamba wanawekeana dau la soda: leo Timazi atapita na mguu upi. Ukoo ambao haujawahi kutajwa vibaya popote, sasa unachezewa kamari na watu wenye kandambili.

Nikamwita sebuleni.

"Shemeji, uliumia mguu gani?"

"Wa kushoto, shemeji."

"Na jana ulipopita kwa kinyozi, ulikuwa unachechemea upi?"

Alifikiri. "Wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umechoka, nikaupumzisha."

"Mtu hapumzishi kilema."

"Mimi nakipumzisha," akasema, wala hakuona ubaya wowote.

Nimekuwa mwalimu mkuu msaidizi miaka mingi, na watoto wanaosingizia ugonjwa asubuhi ya mtihani nawajua kwa sura. Kinachowaponza ni kusahau walishika tumbo upande gani. Nilijua shemeji yangu hasingizii, lakini madaktari wale hawamjui, nao wakimwona anabadilisha miguu kama anavyobadilisha soksi, basi kwisha. Nikaamua achechemee mguu mmoja tu, ule ulioumia, mpaka jopo lipite. Nikamfungia kamba nyekundu kwenye kiatu cha kushoto ili asisahau. Mazoezi tulifanyia kwenye ukumbi mwembamba kati ya jikoni na chumba cha wageni. Yeye, kwa vile ni fundi, aliniuliza mwili uinamie upande kiasi gani, na niliposema kidogo tu, akaleta pimamaji lake akaniomba nimwekee begani nimwangalizie.

Siku ya jopo alichechemea kushoto kutoka getini mpaka mapokezi, na mapokezi mpaka chumba cha picha, bila kosa hata moja. Niliona fahari.

Dada wa picha alikuwa mcheshi mwenye haraka. Hakumlaza. Alimsimamisha wima mbele ya ubao, akamwambia, "Baba, uzito wote miguuni, usijiegemeze." Nilimuuliza mlangoni mbona mwenzake alimlaza. Akanieleza kwamba goti lililolala limepumzika, mifupa inaachana kama majirani wakati wa amani. Ukitaka kujua gegedu la katikati limebaki kiasi gani, mtwishe mtu mwili wake mwenyewe ndipo upige. Hapo nikafurahi. Kisha akasema na goti la kulia anataka kulipiga. Nikamwambia la kulia ni zima, halihusiki.

"Ndiyo maana nalitaka, mama. La kulia litatuonyesha la kushoto lilikuwaje kabla hajaanguka."

Kwenye chumba cha jopo walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa daktari wa mifupa, mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Niliruhusiwa kukaa kwenye kiti cha ndugu. Walimtembeza Timazi toka dirishani mpaka mlangoni, akatembea kama tulivyofanya mazoezi, na yule daktari mkubwa akasema hajawahi kuona mtu anayechechemea kwa unadhifu namna ile. Sikujua kama ni sifa.

Ndipo picha zikatokea kwenye kioo, magoti mawili yamesimama bega kwa bega. Hata mimi niliona. La kushoto, upande wa ndani, nafasi kati ya mifupa ilikuwa imebaki uzi. Na la kulia, lile zima, lilikuwa uzi vilevile, tena pembezoni mwake mifupa imeota vichomozo kama ukingo wa sufuria iliyoanguka mara nyingi.

Daktari wa pembeni, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni, akafunga jalada lake. Akasema magoti yote mawili yamechakaa sawasawa, kwa hiyo kuanguka hakukupunguza kitu. Ni umri na kazi.

Timazi hakutikisika. Alikuwa anatazama kioo kwa makini, kama anayetafuta kigae kilichopinda.

Daktari mkubwa akavaa miwani. "Baba, na huu wa kulia hauumi?"

"Unauma, daktari. Siku nyingine kuliko wa kushoto."

"Sasa mbona huuchechemei?"

Shemeji akanitazama. Nilimfanyia ishara ya macho ambayo watoto wa shule yangu wote walikuwa wanaielewa. Yeye hakuielewa.

"Huo sikuruhusiwa," akasema. "Shemeji amenikataza. Kamba nyekundu iko kushoto."

Wote watatu wakainama kutazama kiatu, kisha wakainuka kunitazama mimi. Mwenye kalamu tatu alikuwa anafungua jalada lake tena. Nikaona kwamba kama nitanyamaza, mtu mkweli kuliko wote niliowahi kuwajua ataondoka hapo na jina la mwongo, na kulisafisha kwake kulikuwa na njia moja tu. Nikasimama. Nikaeleza kwamba kabla ya kuanguka alitembea wima. Kwamba baada ya hapo alichechemea kushoto peke yake miezi kadhaa. Kwamba wa kulia ulifuata baadaye. Mwenye kalamu akaniuliza nani mwingine ameliona hilo. Basi nikasema, kwa sauti yangu ya paredi, kwamba mtaa mzima umeliona, na kwamba kuna wanaume kwa kinyozi wanachezea kamari miguu ya shemeji yangu kila asubuhi.

Daktari mkubwa alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kisha akatugeuzia kioo. Vichomozo, alisema, huota taratibu, miaka mingi; goti la kulia limelika kwa kupiga magoti, lakini lilikuwa kimya. La kushoto halina hata kimoja, nafasi imekwisha upande mmoja tu, pale gegedu linapochanika goti likijipinda. Hilo ni jeraha jipya. Na la kulia limeanza kulia kwa sababu tangu hapo limebeba kazi ya wawili. Akamwambia mwenzake aandike ulemavu wa kudumu goti la kushoto, na kwamba mtu huyu asipige tena magoti, kwa goti lolote. Siku hizi Timazi hukagua sakafu za wenzake akiwa amesimama, anazigonga kwa fimbo na kusikiliza, na mafundi wanamwogopa.

Siku ile ya jopo, kutoka kituo cha basi tulirudi kwa miguu. Alikuwa ameifungua ile kamba na kuitia mfukoni. Alikuja na wa kushoto mpaka karibu na kinyozi, na mbele ya benchi, wazi kabisa, akahamia wa kulia. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Nilikwambia."

Nikasimama. Nikawasalimu vizuri, nikawaambia jopo la madaktari limethibitisha miguu yote miwili, na nikauliza aliyeshinda leo ni nani, maana hospitali inatafuta mashahidi wa kuapishwa.

Hakuna aliyeshinda.