Kobe wa Dubai, Samaki wa Arua

Mama muuza samaki wetu wa sokoni Arua alimtembelea binti yake Dubai, akapelekwa kwenye jumba la samaki wa baharini. Anasema mbele ya kioo cha tangi alianza kwa kuwakagua samaki mashavu, kama kawaida yake.

Juzi ngege wangu, yule samaki sato, alimfunga kwa jani la mgomba. Mteja mmoja wa Koboko akadai kavera, mfuko wa plastiki.

"Kavera hapana. Kule kobe ya bahari ilikula plastiki. Daktari iko natibu yeye."

"Mama, bahari iko mbali!"

Mama akanyoosha kisu. "Mto yetu Enyau iko nakwenda wapi?"

"Nile."

"Na Nile?"

"Bahari."

Mteja akapokea jani kwa mikono miwili. Nami nikatembea hadi nyumbani, shati likinuka ngege, nikijiona jirani wa kobe.