Ini la Baba na Zamu ya Maji

Usiku kucha kabla ya upasuaji nilikuwa nageuza jambo moja: nikimwambia daktari, ataahirisha; nisipomwambia, atakata. Lipi litamuua baba?

Baba analima mpunga Chimala. Ini lake lilikuwa na uvimbe. Daktari wa upasuaji, pale hospitalini Mbeya, alitueleza kwamba atabana mishipa inayopeleka damu kwenye ini, akate uvimbe, kisha aiachie. Hatari haiko kwenye kubana tu, alisema. Ini lililokaa bila damu huumia tena damu inaporudi. Kwa hiyo atabana na kuachia kwa vipindi vifupi, ili lisishtuke.

Baba hakuelewa. Mimi, mwenye shahada ya biolojia na bila kazi, nikajitia ukalimani. Nikamwambia ni kama jaruba la mpunga lililokauka: ukifungulia mfereji wote kwa mpigo, maji yanabomoa kingo.

Akaelewa, lakini kwa akili ya mkulima. Kwetu, zamu yako ya maji ikikaribia kufungwa, unajaza jaruba mpaka juu ili livumilie. Akaona ini nalo lijazwe damu kabla halijabanwa. Akampigia simu dada yake, na shangazi akaja kutoka Mlandege, Iringa, na chupa ya chai iliyojaa dawa ya mizizi ya kuongeza damu. Akawa anamnywesha kila asubuhi. Vipimo vilikuwa vimeshachukuliwa kabla hajafika, hivyo daktari hakujua lolote. Baada ya siku chache niliona umanjano machoni mwa baba, au pengine niliuona kwa sababu niliutafuta.

"Shangazi, hiyo dawa inapita kwenye ini hilohilo."

"Si wewe uliyesema jaruba litakauka?"

"Nilitoa mfano tu."

"Na sisi tumeujaza mfano wako." Akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha jirani. "Huyu ndiye msomi wetu. Kazi hana, ushauri anao."

Jirani akacheka huku ameshika mshono wake. "Mzee, usipoamka, hilo koti niachie. Mwanao atakulilia kwa Kiingereza."

Baba naye alicheka. Kisha akaniambia taratibu, "Ukimwambia daktari, wakanirudisha nyumbani na uvimbe wangu, usikanyage msiba wangu. Nitaacha nimewaambia wakufukuze."

Hakuwa anatania. Nilimjua.

Asubuhi ya upasuaji, shangazi alimpa kikombe kabla wauguzi hawajaingia, ingawa tulikatazwa kumpa hata maji. Walipomhamishia kwenye kitanda cha magurudumu, muuguzi aliuliza kama ametumia dawa yoyote ya kienyeji.

"Hakuna," alisema baba.

"Hakuna," alisema shangazi.

Muuguzi akaanza kusukuma. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Nilikuwa na sababu zote: foleni ndefu ya upasuaji, uvimbe unaokua, baba atakayekufa akinichukia. Lakini kila sababu ilikuwa inanilinda mimi. Uvimbe ungeweza kungoja kidogo. Ini lililochoshwa na mizizi, damu ikilirudia, lisingekuwa na nafasi ya kungoja.

Nikashika chuma cha kitanda.

"Amekunywa dawa ya mizizi kila siku," nilimwambia muuguzi. "Na leo amekunywa."

Baba alinitazama, kisha akamtazama muuguzi. "Huyu simjui," alisema. "Mtoeni."

Shangazi akaanza kunibandua vidole, kimoja kimoja, na kucha zake zikaniingia. Sikuachia chuma mpaka daktari alipoitwa, na alipofika nikarudia yote mbele ya baba.