Difu kwa Njia ya Katanika

Niliichagua difu ile, kifaa kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma, kwa ajili ya mke wangu, ingawa fundi aliamini kwamba niliichagua kwa ajili ya gari. Gari lenyewe ni la michezo, la kale, la milango miwili. Lilivushwa ziwa kutoka Kigoma hadi ng'ambo yetu, nalo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Msimu wa mvua uliopita tulikuwa tukipanda kilima kwenye njia ya Katanika, ambako mke wangu huwafundisha ushonaji watu waliohama makwao. Gurudumu moja la nyuma likaanza kuzunguka bure topeni huku la pili limesimama kimya. Tukateleza kinyumenyume hadi mtaroni. Hakuumia. Tangu siku hiyo, hata hivyo, alikwenda kwa pikipiki ya kukodi, na kila mvua iliponyesha sikuweza kusoma ukurasa mmoja hadi mwisho.

Fundi wangu, ambaye ametengeneza pikapu za njia ya Nyunzu tangu ujana wake, hakuona la kufikiria.

“Papa, tuchomelee meno ya ndani, magurudumu yote mawili yatembee pamoja. Pikapu zote huku njo vile.”

“Na penye lami, nikikata kona?”

“Mupira utalia kidogo. Uache ulie, si mutoto wako!”

Nilicheka, lakini sikukubali. Kwenye kona gurudumu la nje lazima lisafiri zaidi kuliko la ndani. Tope huiachia tairi iteleze. Lami haiachii, na mwisho huvunjika ekseli. Zilibaki aina mbili za difu zinazozuia gurudumu moja lisizunguke bure. Ile ya meno ni tulivu na haidai matunzo, ila gurudumu likining'inia hewani, kama linavyoning'inia kwenye mashimo yetu, msaada wake hutoweka. Ile ya sahani za msuguano huguna, hutaka mafuta yake maalumu, na sahani zenyewe huisha. Lakini haisahau gurudumu lililobaki ardhini.

Nikaagiza ya sahani kwa mama mmoja anayefanya biashara Kigoma. Maelezo niliyomwandikia hata hakuyafungua. Kama ilivyo desturi ya wachuuzi wetu wa ziwani, alitaka difu ya zamani mkononi, ailinganishe na mpya palepale dukani. Kwa hiyo gari lilikaa juu ya mawe wiki tatu, na mvua haikungoja.

Difu mpya ilipofungwa, nikamwomba mke wangu apande. Kwenye kona ya kwanza sahani ziliguna. Akaushika mlango.

“Hiyo njo nini tena?”

“Ni sahani, Mama. Ndivyo zinavyofanya kazi.”

“Siku ile, kama ingekuwamo, hatungeanguka?”

Ningeweza kusema ndiyo, naye angeamini.

“Pengine tungefika juu. Lakini magurudumu yote mawili yakiteleza pamoja, mkia wa gari hukimbilia pembeni zaidi kuliko zamani.”

Lami ilipoishia, akanigusa bega nisimame.

“Basi gari umelipatia dawa, Papa. Woga wangu mimi ungali palepale.”

Akashuka, akaita pikipiki.

Niliwafuata kwa mbali. Kilimani difu ilishika barabara, magurudumu yote mawili yakasukuma, wala gari halikuyumba. Mbele yangu pikipiki iliyumba kushoto, ikayumba kulia, na mke wangu alikuwa amemshika dereva kwa mkono mmoja tu, kwa sababu mwingine ulibeba mfuko wa vitambaa.