Kilometa Mia za Shemeji

Ile pikipiki ya magurudumu matatu haikuwa na tangi wala bomba la moshi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliileta kwa boti kutoka Kigoma miaka ya vita, mafuta yalipoadimika hapa Kalemie. Ilikula umeme tu. Ubavuni ilibandikwa maandishi: ukijaza betri mara moja, kilometa mia moja. Shemeji alikipangusa kibandiko hicho kila asubuhi kabla ya kupangusa kiti.

Dereva nilikuwa mimi, na sikukiamini tangu wiki ya kwanza. Huko kiwandani walimpakia nani walipopima? Bila shaka mtu mmoja mwembamba, kwenye lami, mikono mitupu. Kwetu hakuna anayeondoka mtupu. Ukielekea Katanika, kwenye kambi ya waliokimbia vita, kila mama wa mtaani anakuletea furushi la ndugu yake: unga, makaa, sufuria, jogoo. Ukikataa umemtukana. Basi nilipima kwa kipimo changu: mafurushi, mchanga, matope na kilima. Betri iliisha kabla ya nusu ya ile mia. Nilipomwambia shemeji, alicheka akasema naendesha kama mwanamke. Sawa, naendesha kama mwanamke anayetaka kurudi nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa Katanika, chini ya turubai, mtoto amekaa vibaya tumboni. Muuguzi alisema uchungu ukianza apelekwe hospitali ya mjini bila kungoja. Umeme wa mji ulikuwa umekatika, na betri ilibaki nusu. Nikaamua pikipiki isiguswe. Asubuhi moja shemeji akaja na magunia ya unga ya kupeleka sokoni.

“Bateri iko nusu,” akasema. “Nusu ya mia ni makumi tano. Unga unaenda, unarudi, kisha mudogo wako unamubeba. Na ingine itabakia.”

“Shemeji, ile mia ni ya muntu wa kiwanda. Mimi nabeba watu wa hapa.”

“Weye unajua kupita ba-enjeniere ba kiwanda?”

“Njia ya Katanika naijua kuwapita. Unga haupande.”

Alitaka ufunguo. Niliutia kifuani, nikakaa juu ya kiti kile nikimenya muhogo. Mume wangu alitutazama, akaona heri aende kuoga ziwani.

Adhuhuri simu ikaja: uchungu umeanza. Nilikwenda mtupu. Akina mama walisimama na mafurushi yao, nikawapita, wakanisonya. Iliniuma, lakini sikusimama. Wakati wa kurudi, mdogo wangu akiwa amelala nyuma, mama mkwe wake amemshika, taa ya betri iliwaka nyekundu tukiwa bado hatujafika mjini. Niliogopa sana. Nilienda polepole, hata honi sikuipiga, nikiitukana ile mia kimoyomoyo njia nzima. Tuliingia langoni mwa hospitali na pikipiki ikazimika palepale. Walimpasua, wakamtoa msichana, na wote wawili walikuwa wazima.

Jioni shemeji aliingia wodini anatabasamu.

“Umeona? Imefika. Sikukuambia kilometa ziko?”

Nilitoa ufunguo kifuani, nikauweka mkononi mwake.

“Iko pale langoni, Shemeji. Uirudishe nyumbani na zile kilometa zilizobakia.”