Nilimlisha Farasi wa Kijiji Machicha, Mama Akabeba Lawama

Mimi ndiye niliyemuua Bwana Mkubwa. Ndugu wasomaji, msikimbilie polisi kwanza: Bwana Mkubwa alikuwa farasi. Lakini mkisoma mpaka mwisho, huenda mkatamani polisi waje tu.

Nipo darasa la saba, huku Mbozi, upande wa Iyula. Shuleni najulikana kwa mdomo. Mwalimu akiuliza swali, wenzangu hawamtazami yeye, wananitazama mimi, tayari kucheka. Nilidhani hiyo ni sifa. Mjinga mimi!

Farasi huyo aliachwa na mzungu wa shamba la kahawa alipofungasha virago. Shamba likawa la kijiji, farasi naye akawa wa kijiji, mjamaa kama sisi. Wanaume walimwogopa, maana walichozoea ni ng'ombe. Mama yangu alikuwa akifagia kwa yule mzungu na aliona farasi anavyotunzwa, basi kamati ya kijiji ikampa kazi hiyo. Bwana Mkubwa akawa anavuta mkokoteni: mapipa ya maji kutoka mtoni, magunia ya kahawa, wagonjwa wa zahanati.

Mama alimjua yule mnyama kuliko anavyonijua mimi. Asubuhi alimnyanyua miguu na kumchokoa kwato kwa msumari uliopinda, jiwe lisije likabaki. Halafu aliweka sikio ubavuni kusikiliza tumbo. "Likinguruma, mzima. Likinyamaza, tuombe Mungu." Hata mavi yake aliyakagua kama mwalimu anavyosahihisha madaftari.

"Mama, leo Bwana Mkubwa kapata ngapi kwa kumi?" nilimtania.

"Cheka tu, mwanangu. Huyu si ng'ombe. Ng'ombe akila, hucheua. Farasi hata kutapika hawezi. Kilichoingia kimeingia."

Nilisikia, jamani! Sitasema sikuambiwa.

Sabasaba ikakaribia. Ilipangwa Bwana Mkubwa aongoze maandamano, avute magunia ya kahawa mpya mbele ya wageni wa chama kutoka wilayani. Kinamama walikuwa wamepika pombe ya ulezi karibu kila nyumba. Kwetu pombe ikishachujwa, machicha yanayobaki hupewa ng'ombe. Wanayapenda, wananenepa, maziwa yanaongezeka. Hilo kila mtoto wa hapa analijua.

Siku moja kabla, asubuhi, nikamwambia rafiki yangu, ambaye nitamwita Saimoni: "Aisee, Bwana Mkubwa akila machicha, kesho si atapepesuka mbele ya wakubwa?"

"Atawapigia saluti ya mlevi!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mchana ule mama yuko kwenye kahawa, tukabeba debe zima. Farasi akanusa, akanyoosha midomo, akaanza. Alimaliza yote, akalamba debe mpaka likawa linabiringika. Saimoni akasema, "Huyu ni mnywaji wa siku nyingi!"

Jioni mama alimkuta anaparua ardhi kwa mguu. Kila mara anageuza shingo kutazama ubavu wake, kama kuna mtu anamchoma pale. Mama akaweka sikio. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Kimya kabisa." Akatugeukia, sisi na majirani waliokuja kutazama. "Nani kampa kitu?"

Ndugu zangu, nafasi ndiyo ilikuwa hiyo. Neno moja tu!

Mimi nikajibu: "Labda kasikia kesho kuna hotuba ndefu, tumbo likamkata mapema."

Watu wakaangua kicheko. Hata mama alitabasamu. Kisha akasema basi ni baridi, maana mwezi wa saba huku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Akamfunika blanketi letu la kulalia, akaenda kukoroga uji wa pumba ili umpashe tumbo joto. Farasi aliukataa. Mama akautia kwenye chupa, akamnyanyua kichwa, akamnywesha kidogo kidogo kama ndama mgonjwa, huku akimbembeleza: "Kunywa baba, kunywa."

Uji! Juu ya debe la ulezi! Na mimi nimesimama, natazama.

Saimoni alinifinya. "Sema."

"Tukisema, shule kwaheri," nikamnong'oneza. "Mtihani tutausikia redioni."

Kulipokucha Bwana Mkubwa alikuwa chini, amelowa jasho katika baridi ile, anajibiringisha na kujipigiza. Mama alivuta kamba ili ainuke atembee. Aliinuka, akayumba. Naam, akapepesuka, vilevile kama nilivyotaka! Halafu akaanguka, na hakuinuka tena.

Mwenyekiti alichohofia ni wageni. "Afukiwe upesi, wasimwone!" Tukaitwa wanafunzi na majembe yetu. Nilichimba. Kisha nilisimama mstarini nikaimba nyimbo za chama, udongo ungali kwenye kucha.

Bwana mifugo alikuja na wageni. Alipoelezwa, akashika kiuno. "Jana jioni nilikuwa kijiji cha pili tu. Alikula nini?"

"Uji wa pumba, bwana," mama alijibu. "Nilimpa mimi."

"Mama, tumbo likifunga halijazwi! Mngeniita. Dawa ninayo, na mpira wa kumnyweshea mafuta ninao."

Kesho yake kamati ikamwita mama ofisini. Mimi nilikuwa nje, dirishani. "Ndugu," mwenyekiti alisema, "umeua mali ya umma."

"Ni kweli, ndugu mwenyekiti. Nilimnywesha kwa mkono wangu huu."

Na mtoto wake mwenye mdomo, kimya! Kama nimeshonwa!

Siku hizi maji yamerudi vichwani mwa kinamama, na wakimpita mama njiani hawamwamkii. Wagonjwa wanabebwa kwa machela, wanaume wanateleza nao kwenye tope. Hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni hiki: mama anaogopa kulisha. Mahindi ya kuku ananiambia nimwage mimi. "Mkono wangu mbaya," anasema. Juzi mdogo wangu wa mwisho alishikwa na homa, na mama akasukuma bakuli la uji kwangu. "Mlishe wewe, mwanangu. Wewe mkono wako mwema."

Wee Mungu wangu!

Mara nyingi nimefungua kinywa kumwambia, ukatoka utani.

Wenzangu wa shuleni, na nyie mliomaliza: mnyama hana mdomo wa kumtaja aliyemlisha. Mwenye kumtibu akiuliza kala nini, mjibu papo hapo, hata kama jibu litakutoa shuleni, hata kama utachapwa. Usimpe farasi cha ng'ombe, usimpe punda cha mbuzi, na usimpe kiumbe yeyote kitu ili ucheke. Kicheko changu kilikwisha kabla farasi hajapoa.

Jina langu nimelificha. Ila gazeti hili hufika kijijini kwetu, na kinamama wa kisomo cha watu wazima hulisoma kwa zamu, kidole chini ya mstari. Mama, kama zamu imekuangukia wewe, soma taratibu hapa: mkono wako haukuua kitu. Ni wangu.