Shukrani za Msibani

Mwaka ule nilikuwa nimeshaamua kuacha upasuaji. Miaka yote hiyo kazi yangu imekuwa kuwatoa watu saratani, na sikuwa nimechoka mwili tu, nilikuwa nimechoka roho. Nikifika hospitalini asubuhi nabaki kwenye gari, nimeshika usukani, najibembeleza nishuke kama mtoto wa chekechea. Mgonjwa analia mbele yangu, mie nawaza chai. Rafiki yangu akanitafutia kazi ya ofisini, kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, nikamwambia mume wangu nakwenda. Akasema alhamdulillahi.

Kisha jirani yetu hapa Temeke akafariki.

Alikuwa muuza chapati wa mtaani kwetu, mkubwa kwangu, namwita dada. Alipokuja kuniona mara ya kwanza, uvimbe kwenye titi lake ulikuwa mdogo kama punje ya mbaazi. Nilifurahi, wallahi. Watu hawaniletei vitu vidogo namna ile. Nikamwambia, "Dada, wiki ijayo nakutoa hiki, unarudi kwenye chapati zako." Akasema sawa, ila familia ikae kikao kwanza.

Kwetu titi la mtu si lake peke yake. Kikao hakikaliki bila baba mkubwa, na baba mkubwa yuko Tanga, mguu unamsumbua. Nafasi ya dada ya upasuaji nikampa mgonjwa mwingine. Mguu ulipopona, ukaingia mwezi wa Ramadhani. Ramadhani ikaisha, kuna harusi ya mtoto wa shangazi, sasa dada atakaaje kwenye harusi na bandeji kifuani? Nilikuwa naendaga kwao, napewa juisi ya ukwaju, naambiwa, "Dokta, suala lako tunalifanyia kazi." Suala langu! Mie titi langu lilikuwa zima.

Alipokuja kurudi, titi limeshatoboka na ugonjwa umeshafika mapafuni. Hapakuwa na cha kukata tena.

Siku ya msiba, waliporudi makaburini, baba mkubwa akashika kipaza sauti. Sie wanawake tulikuwa ndani, kwenye mikeka, tukamsikia vizuri. "Kwa namna ya pekee tunamshukuru dokta wetu. Amepambana mpaka dakika ya mwisho." Wanawake wakanigeukia, mmoja akanishika goti akanipa pole. Nilitamani nitoke nikamnyang'anye kile kipaza sauti, niwaambie sikupambana na chochote, hamkuniacha hata nianze. Nikainamisha kichwa, nikaitikia amina.

Ndipo mdogo wake marehemu akanivuta chumbani. Akafunga mlango, akauchukua mkono wangu, akauweka pembeni ya titi lake. Nikaukuta. Mdogo, mgumu, kama ule ule wa dada yake.

"Njoo kesho," nikamwambia.

"Dokta, si tumalize arobaini kwanza? Halafu baba mkubwa naye..."

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakaziba. "Arobaini ya nani? Haya, kaa usubiri kikao! Tukuzike na wewe, nije nile wali wenu hapa, nishukuriwe tena kwa kipaza sauti!"

Kumbe nilikuwa napiga kelele. Shangazi yao akafungua mlango, akaniangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, una roho mbaya. Ondoka." Niliondoka nalia, na viatu vyangu nikavisahau pale mlangoni.

Kesho yake sikumtegemea yule mdogo wa marehemu. Nikamkuta kwenye benchi la kliniki, peke yake, kashika mfuko wa plastiki. "Nimewaambia nakuletea viatu vyako," akasema. Nikavivaa pale pale, nikamwingiza ndani.

Ni mtu mzima, aliridhia mwenyewe, vipimo vikathibitisha ni saratani, nikamfanyia upasuaji wiki ile ile. Tuliuwahi. Baba mkubwa alikuja mpaka mlango wa wodi, nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. "Umemkata mtoto wetu bila kikao," akasema, akageuka. Kule ofisini nikawapigia simu kwamba bado kwanza, na kazi ile wakampa mtu mwingine.

Sasa ni miaka imepita. Yuko hai, mnene, amerithi jiko la dada yake na wateja wake wote. Familia inasema hakuwa na ugonjwa wowote, nilimkata titi bure kwa hasira zangu za msibani. Mtaani wengi wanaamini, na wakinamama wengine wakiona uvimbe wanaambiana wasije kwangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la kunyimwa salamu.

Yeye anajua. Akiwa peke yake ananifungia chapati za moto na kuniuliza hali. Shangazi yake akiwepo, anainamia kikaango kama hanioni. Napita zangu, nafika hospitalini, nakaa kwenye gari kidogo, kisha nashuka.